Ukarabati na Ukweli: Fikra Juu ya Magari ya Kale ya Kijapani

Yako mambo ambayo mtu akiyatazama kwa haraka huyaona kuwa ya upuuzi, lakini akitua na kuyachambua hugundua kwamba ndani yake mna swali lililowashughulisha wenye hekima tangu kale. Mojawapo ni uraibu wa kukusanya na kukarabati magari ya mbio ya zamani yaliyoundwa Japani. Neno uraibu tumelichagua kwa kusudi, maana kazi hii haimlishi aifanyaye; aghalabu yeye ndiye anayeilisha. Mtu hununua gari la mwaka 1971 lililokwisha kuliwa na kutu, akatumia jioni zake na akiba yake kwa miaka miwili au mitatu, mpaka siku injini inguruma tena. Katika makala haya hatukusudii kufundisha namna ya kulifufua gari. Twataka kuuliza tu: gari lililobadilishwa nusu ya viungo vyake, je, ni lile lile? Na yule aliyelibadilisha, ana deni gani la ukweli kwa wenziwe?

Ili hoja yetu isielee hewani, na tuipe mahali. Tuseme yuko kijana fundi katika Niboye, mojawapo ya kata za wilaya ya Kicukiro mjini Kigali. Kijana huyu tumemuumba kwa ajili ya mjadala tu, kama waalimu wa hesabu wanavyomuumba mfanyabiashara wa machungwa. Ana ua wenye kivuli, ana mtambo wa kuchomelea, na moyoni ana shauku ya kupata Datsun 240Z. Tumempeleka Niboye kwa sababu sheria na desturi za Kigali zinalifanya swali letu kuwa kali zaidi kuliko mahali pengi. Tena Rwanda, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kukifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, sasa imo barazani mwetu, na yafaa mifano yetu ianze kutoka huko pia.

Msomaji huenda akauliza kwa nini kijana wa Afrika Mashariki alilie gari la Japani. Jibu limo katika historia yetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mafuriko. Humo ndimo magari ya Kijapani yalimojijengea heshima mbele ya ulimwengu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata akashinda tena kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilimpa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye alihamia Kenya wakati Waasia walipofukuzwa mwaka 1972. Naye akaja kushinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, daima kwa Datsun. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Kisha Toyota Celica ikatwaa ushindi mwaka 1984, 1985 na 1986. Wazee wengi wa nchi zetu walisimama kando ya barabara wakingoja magari hayo yapite. Kwa hiyo, gari hili lilizaliwa Japani, lakini jina lake lilikulia kwetu. Mtu anayelikarabati hapa halipendi kwa kuiga wageni. Anautunza ukurasa mmoja wa daftari la nyumbani.

Hata hivyo, hatuna budi kusikiliza pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Watasema: nchi ambayo wengi hupanda pikipiki za kukodi au hutembea kwa miguu, ni halali gani mtu mmoja kumwaga fedha katika chuma kisichobeba mzigo wala mgonjwa? Wataongeza kwamba uraibu huu umekwisha kuwa soko la matajiri. Toyota 2000GT, ambayo kati ya mwaka 1967 na 1970 yaliundwa magari 351 tu, iliuzwa katika mnada mmoja mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Mtu akinunua gari kwa bei hiyo, akalifungia ghalani likingoja bei ipande, basi hakuna alichokikarabati. Amefanya biashara ya dhahabu tu, ila dhahabu yake ina magurudumu.

Pingamizi hili twalikubali kwa nusu. Anayefuata majivuno amekwisha kupata thawabu yake katika macho ya watazamaji, wala hahitaji sifa zetu. Lakini kijana wetu wa Niboye si yule. Atakachokitumia kwa wingi ni mikono yake, na mikono hiyo haipotezi muda. Ili kulifufua gari lake itampasa ajifunze kunyoosha bati lililopondeka, kusafisha kabureta mbili mpaka zipumue sawa, kupima uchakavu wa silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kuchonga mwenyewe kipande kisichouzwa tena mahali popote. Elimu hiyo ndiyo iliyokaa Gerezani mjini Dar es Salaam, Gatsata mjini Kigali, katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, na katika kila mahali ambapo mafundi wa Afrika Mashariki wameyaweka hai magari ambayo waundaji wake walikwisha kuyasahau. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ulimwengu wa leo unatuzoesha kutupa. Chombo kikichechemea kidogo, tunaambiwa tununue kingine. Anayekarabati hufundisha kinyume cha hayo, kwamba kitu kilichotumikiwa kwa jasho la watu kina haki ya kutazamwa mara ya pili kabla ya kutupwa. Fundisho hilo halina utajiri ndani yake. Bibi anayeshona kiraka analijua.

Basi tuliingie swali lenyewe. Mwandishi wa Kiyunani Plutarch alisimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa vizazi vingi. Kila ubao ulipooza waliutoa na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana: wengine walisema merikebu ni ile ile, wengine wakakataa. Sisi watu wa pwani hatukuwa na haja ya kwenda Uyunani kulipata swali hili. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja. Kamba zilichakaa zikabadilishwa, mbao zikatolewa na kutiwa nyingine, na bado baharia aliuita mtepe ule kwa jina lile lile. Wala si kwa bahati kwamba lugha yetu imeviunganisha vitu hivi viwili: jahazi ni chombo, na gari ni chombo, usukani uliokuwa wa kuongozea jahazi ndio huo huo tunaoushika leo katika gari.

Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, alilikaza fundo. Alisema, tuchukulie kwamba yupo mtu aliyeziokota zile mbao kuukuu zote moja baada ya nyingine, akaziunga upya kwa mpango ule ule. Sasa ziko merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus? Wasomaji wasidhani kwamba huu ni mchezo wa akili tu. Katika biashara ya magari ya kale jambo hili hutokea kweli. Mtu hukata kipande cha bati chenye namba ya gari lililokufa, akakichomelea katika bodi la gari jingine, kisha akaliuza kana kwamba ni lile la kwanza. Namba ni ile ile, jina ni lile lile, lakini mnunuzi amelishwa uwongo. Hapo swali la wanafalsafa limegeuka kuwa swali la hakimu.

Wajapani wenyewe wana jibu la kufikirisha. Katika Hekalu la Ise, majengo matakatifu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, katika kiwanja cha jirani, kwa umbo lile lile. Desturi hiyo ilianza katika karne ya 7, na ijapokuwa vita viliikatiza kwa muda mrefu, mwaka 2013 ilitimizwa kwa mara ya 62. Hapana ubao wa kale uliobaki katika hekalu, nao husema ni hekalu la kale. Kwao, kinachohifadhiwa ni umbo na ustadi, na miaka 20 yatosha seremala mzee kumrithisha kijana. Lakini na tutazame vizuri kwa nini jambo hili halina hila. Halina hila kwa sababu linafanywa hadharani. Kila aingiaye Ise anajua kwamba mbao ni mpya. Hapana anayemwambia kwamba zilikatwa zamani za mababu.

Hapo ndipo tunapopata ufunguo. Twaona kwamba wabishi wa Athens walitafuta jibu katika mbao, ilhali jibu limo katika kinywa cha seremala. Swali la kama gari ni lile lile haliwezi kukatwa kwa kuhesabu viungo vilivyobaki. Mmoja atasema gari ni injini, mwingine atasema ni bodi, wa tatu atasema ni namba, na kila mmoja ana haki kidogo. Lakini swali la kama mkarabati ni mkweli lina jibu: ni mkweli ikiwa yuko tayari kusema waziwazi kipi cha kale, kipi kipya, na kwa nini. Mkarabati ni shahidi wa kitu kisichoweza kujisemea. Shahidi hatakiwi kujua kila kitu. Anatakiwa asiongeze wala kupunguza.

Turudi Niboye tuijaribu hoja hii. Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara, na tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali iliweka zuio dhidi ya kuingizwa kwa magari madogo yenye usukani wa kulia. Sababu yake ni ya maana: dereva aliyekaa upande wa ukingo haoni vizuri gari linalomjia anapotaka kulipita lililo mbele, hasa katika barabara za kona na milima. Bahati mbaya, Japani, Kenya, Uganda na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo magari mengi ambayo kijana wetu angeweza kuyapata yana usukani wa kulia. Afanye nini? Njia moja ni kuuhamisha usukani: kukata ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, kuhamisha pedali, na kuunda dashibodi nyingine. Kazi hii yawezekana. Lakini waundaji wa Datsun 240Z walikwisha kuweka shahidi wao. Magari ya kuuzwa ng’ambo yenye usukani wa kushoto yalipewa namba inayoanza kwa HLS30. Yale ya usukani wa kulia yalipewa HS30. Herufi moja tu, L, ndiyo iliyosema upande wa kuzaliwa. Na namba hiyo imegongwa katika ukuta ule ule wa bati ambao fundi angeukata.

Fundi mwenye hila atatamani kuiongeza herufi hiyo. Ni mapigo machache ya nyundo, na gari litaonekana halikuguswa tangu kiwandani. Sisi twasema kwamba hapo ndipo penye mpaka wa uhalali. Kuuhamisha usukani ili kuitii sheria na kulinda maisha ya watu si dhambi. Ni kulipa gari nafasi ya kuishi katika nchi mpya, kama mgeni anavyojifunza lugha ya wenyeji. Lakini kuibadilisha namba ni kumfundisha shahidi kusema uwongo. Gari lenye usukani wa kushoto na namba ya HS30 lina tofauti mwilini mwake, na tofauti hiyo ni historia: lilizaliwa kwa barabara moja, likaja kuishi katika nyingine. Mwenye kusoma atasoma.

Kuna swali jingine linalofuatana na hili, nalo ni la alama. Gari likiwa na bonde ubavuni, au mkwaruzo wa mawe ya miaka 50 iliyopita, je, lilainishwe mpaka ling’ae kama siku ya kwanza? Lugha yetu inatusaidia hapa, maana inatenga kidonda na kovu. Kutu ni kidonda. Ukikiacha kitaendelea kula mpaka mfupa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena kukifunika kwa rangi bila kukitibu ni kumhatarisha atakayelipanda gari hilo. Bali bonde lililotokana na safari, lisiloumiza wala kuenea, ni kovu. Kidonda hutibiwa, kovu huulizwa kwanza lina habari gani.

Watu wa Kigali wanalijua jambo hili kwa undani kuliko wengi. Barabara inayotoka Kicukiro kwenda kusini huvuka Nyabarongo hadi Nyamata, ambako kanisa walimouawa watu mwaka 1994 limefanywa mahali pa kumbukumbu, na tangu mwaka 2023 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kumbukumbu nyingine tatu za nchi hiyo. Matundu yaliyotobolewa katika paa lake hayakuzibwa. Hatuthubutu kuliweka gari katika mizani moja na mahali kama hapo. Kufanya hivyo kungekuwa utovu wa adabu. Twasema jambo moja tu: nchi iliyoamua kutoziba matundu yale imetufundisha sote kwamba ziko alama ambazo kuzifuta ni kusema uwongo. Aliyelelewa katika fundisho hilo hawezi kushika msasa bila kufikiri, hata mbele ya kitu kidogo.

Lakini ukweli kwa yaliyopita hautoshi bila wema kwa waliopo. Tangu mwaka 2016 Kigali imekuwa na siku ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee, wakimbie na kupumua. Injini ya mwaka 1971 haikutengenezwa kwa kuujali moshi wake, na mtoto wa jirani hana kosa lolote katika mapenzi ya fundi kwa Datsun. Kwa hiyo mkarabati mwadilifu ataifunga injini yake vizuri isivuje mafuta, ataipima isitoe moshi kupita kiasi, wala hatailia mbio usiku katika mtaa wa watu waliolala. Historia isiyowapa watu usingizi haitapendwa na mtu.

Twaweza sasa kuzikusanya hoja zetu. Uraibu huu ni halali, na hata ni wa sifa, ukitimiza masharti matatu: uzalishe ustadi zaidi ya majivuno, usimdhuru jirani, na juu ya yote uache maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari la kale lingestahili kuwa na daftari lake, limeandikwa siku kwa siku: bati hili lilikatwa, kabureta hii ilitoka gari jingine, usukani huu ulihamishwa, rangi hii si ya kwanza. Waundaji wenyewe wameanza kuturahisishia. Toyota tangu mwaka 2020 imeanza kuunda tena baadhi ya vipuri vya 2000GT. Vipuri hivyo ni vipya, navyo havidai kuwa vya mwaka 1967. Daftari la fundi nalo na liseme hivyo hivyo. Gari lenye daftari la namna hiyo litakuwa na heshima zaidi ya lile linalong’aa na kunyamaza.

Na hapa, wenzetu waalimu, hoja ya gereji inaingia darasani. Sisi nasi ni wakarabati. Tenzi nyingi za kale zilitufikia katika hati za Kiarabu, zenye maneno ya Kiamu na Kimvita, kurasa zikiwa zimeliwa na mchwa. Anayezigeuza kwa hati za Kilatini hukuta beti zilizopungua na maneno yasiyosomeka, naye hushikwa na tamaa ile ile ya fundi mwenye nyundo: kuongeza herufi moja, kulifanya neno la Lamu kuwa la Unguja, kuziba mizani iliyokatika, kisha kupaka rangi juu mtu asijue. Kuziba si kosa, maana mwanafunzi lazima aweze kusoma. Kosa ni kuziba na kunyamaza. Mhariri anayeandika pembeni kwamba neno hili halikusomeka na hili ni langu amefanya kazi moja na kijana wetu wa Niboye anayeiacha HS30 mahali pake.

Twapendekeza mada hii itolewe kwa wanafunzi wa vidato vya juu kwa mjadala na kwa insha. Na waanze na kitu chochote kilicho karibu nao, baiskeli ya babu, ngoma ya kijiji, au jahazi la mjomba, waulize ni nini ndani yake kilichobadilishwa na ni nani anayejua. Wakikuta kwamba hakuna anayejua, basi wawe wao wa kwanza kuandika.